Wiki sita na retinoskopi mkononi na bado sioni kitu: maswali yenu ya kusomea macho

Tangu niguse hapa mwezi jana kwamba kazi yangu ya kila siku ni optometria, yaani kupima macho, barua zimemiminika, nyingine ndefu kuliko ukurasa wenyewe, kwa hivo leo nimeweka mengine yote kando na ukurasa ni wenu nyinyi mnaosomea macho, mnaotaka kusomea, na wazazi wenu. Nimechagua barua tano. Majina nimeyatoa.

SWALI: Asalam aleikum dada. Kijana wangu wa kwanza amemaliza fomu foo, matokeo mazuri alhamdulillah, sasa anasema anataka kusomea macho. Babake kakasirika, anasema mtoto kapata alama zile alafu aende akauze miwani Digo Road? Si bora asome udaktari kamili? Kwani hiyo ni kozi kweli? — Mama wa watoto wanne, Majengo

JIBU: Waleikum salaam mama, na hongera kwa matokeo ya kijana. Baba mwambie nimemuelewa, manake hata kwetu maneno yalikuwa hayo hayo, watu wanamjua daktari, wanamjua nesi, wanamjua wa famasia, huyu wetu wa katikati hawamjui.

Iko hivi. Daktari bingwa wa macho husoma udaktari wote kwanza alafu akarudi chuo kusomea macho peke yake, huyo ndo anayepasua. Hapa Kenya wako pia maklinikali ofisa waliosomea macho, na kati yao wako waliofunzwa kutoa mtoto wa jicho. Sisi wa optometria tunapima mtu anaona kiasi gani, tunatafuta namba ya miwani na ya lenzi za kuvaliwa juu ya jicho, tunachungulia nyuma ya jicho kuona kama sukari imeanza kuharibu mishipa, tunapima presha ya jicho, tunashughulika na watoto wenye makengeza na jicho zembe, yaani lile ambalo halikujifunza kuona vizuri utotoni, na tukikuta jambo la kisu ama la dawa nzito tunamuandikia mgonjwa barua aende kwa mwenye kazi hiyo. Yule anayekata lenzi na kuiingiza kwenye fremu pale dukani ana ufundi wake, na ni ufundi wa kuheshimiwa, ila ni kazi nyingine.

Mkumbushe baba mwanzo wa mwaka 2024 macho mekundu yalipoenea huku Pwani. Watu walikuja kliniki wamejitia maji ya chumvi, wamejitia dawa ya jirani, na wengi ilikuwa ni virusi tu vya kuondoka vyenyewe, lakini kati ya kumi kulikuwa na mmoja jicho linamuuma kwelikweli, hawezi kutazama mwanga, na kuona kwenyewe kumepungua, sasa huyo si macho mekundu ya kawaida, huyo kioo cha mbele cha jicho kina kidonda na ukimchelewesha anapofuka. Kumtoa huyo mmoja kwenye foleni ndo kazi anayotaka kusomea mtoto wako.

Na kazi ipo. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2019 lilisema watu si chini ya bilioni 2.2 wana shida ya kuona, na si chini ya bilioni 1 kati yao shida yao ingezuilika ama bado haijashughulikiwa. Katika hiyo bilioni, milioni 826 ni kuona karibu tu, yaani mtu kafika arobaini na kitu, herufi zinakimbia, na miwani ya kusomea hana.

Kwa vyuo, digrii iko Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, diploma iko chuo cha afya cha KMTC Nairobi, na wengine wetu wa Pwani huvuka Taveta wakaenda KCMC Moshi, Tanzania, manake kwa barabara ni karibu kuliko Kakamega. Masharti ya alama aangalie mwenyewe kwa KUCCPS, wale wanaopanga nafasi za vyuo, ama chuoni. Swali moja tu muulize mama, fizikia anaipenda? Si baiolojia. Fizikia. Kama anaikimbia, mkae mzungumze tena.

SWALI: Mambo dada. Niko mwaka wa tatu, chuo kiko huku Western, nyumbani ni Kisauni. Retinoskopi, ile tochi ya kutafutia namba ya miwani, imenishinda. Wiki sita sasa, wenzangu wanasema wanaona mwanga unatembea ndani ya mboni, mi naona duara jekundu tu limesimama. Nikijitahidi natoa namba za ajabu, mtu akiwa minasi moja mi nasema minasi nusu, akiwa hana kitu mi nampa plasi nusu. Practiko ya mtihani ni mwezi ujao. Optiki nayo, lile somo la mwanga na lenzi, nilipata sapu mwaka wa pili, nikarudia mtihani. Nafikiria nibadilishe kozi. Na huku baridi, mvua kila jioni, nimechoka. — Kijana wa Kisauni

JIBU: Kijana wangu, usibadilishe kozi. Isome tena barua yako mwenyewe polepole. Minasi moja wasema minasi nusu, asiye na kitu wampa plasi nusu. Umekosea mara zote kwa dayopta nusu, dayopta ndo kipimo cha nguvu ya lenzi, na mara zote upande wa plasi. Mtu asiyeona kitu hukosea ovyo, leo juu kesho chini. We unaona. Kinachokuponza ni mkono wako na mahali unapokaa.

Hesabu yenyewe hii. Tunafunzwa tukae sentimita 67 kutoka kwa mgonjwa, na moja ukigawanya kwa 0.67 unapata 1.50, ndo ile dayopta moja na nusu tunayoitoa mwisho kwenye namba tuliyoipata. Sasa chumba kina giza, mwanga hauuoni vizuri, bila kujijua unajisogeza mbele mbele ili uone, ukifika sentimita 50 hesabu imebadilika, moja gawanya kwa 0.50 ni 2.00. Ulitakiwa utoe mbili na we umetoa moja na nusu. Nusu yako imebaki pale. Hiyo nusu ndo inakutesa wiki sita.

Mi nilikuwa na shida hiyo hiyo na aliyenitoa ni mwenzangu wa hosteli, alikata uzi mweupe wa kushonea, sentimita 67 kamili, akaufunga ncha moja kwenye fremu ya majaribio, ile anayovaa mgonjwa tukimbadilishia lenzi, na ncha ya pili kwenye kidole changu cha mkono ulioshika retinoskopi. Nikisogea mbele uzi unalegea, nauona, narudi. Nilipima na ule uzi kama wiki mbili alafu nikautoa, na mpaka leo mkono wenyewe unajua. Fanya hivo usiku wa leo.

Kuhusu duara lililosimama. Kuna mawili. Ama umefika pale pale penye usawa na ndo maana hakitembei kitu, ama mtu ana namba kubwa sana, manake namba ikiwa kubwa mwanga unakuwa hafifu na unatembea polepole mno utasema umelala. Usikae ukikodoa. Chukua lenzi ya plasi tano weka, tazama, toa, weka ya minasi tano, tazama. Moja kati ya hizo itauamsha. Ukiona mwanga unafuata mkono wako ongeza plasi, ukienda kinyume ongeza minasi, na kadiri unavyokaribia usawa unakuwa mkali na wa haraka mpaka ghafla mboni yote inawaka kwa pamoja. Siku utakayoiona hiyo mara ya kwanza hutaisahau, mi nilipiga kelele mtu wa chumba cha pili akaja kugonga mlango.

Alafu mambo madogo yanayoharibu kazi kubwa. Mwenzako unayempima asiangalie taa yako, aangalie herufi kubwa ya chati mwisho wa chumba, akiangalia taa jicho lake linajikaza kuona karibu na namba yote inaharibika. Jicho lake la kulia pima kwa jicho lako la kulia na mkono wa kulia, la kushoto hivo hivo, la sivyo kichwa chako kinamziba chati. Na ile kola ya kwenye shingo ya retinoskopi hakikisha iko mahali pake, ikiteleza ukaisukuma upande wa pili mwelekeo wote unageuka, utaona mwanga unaenda kinyume pale ulipotakiwa kufuata, na wanafunzi wengi huangushwa na hiyo kola siku ya mtihani kwa sababu aliyetangulia kaiacha ovyo.

Kama kifaa ni ghali, changeni wanne mnunue moja iliyotumika, ila muijaribu kwanza gizani kabla ya kutoa pesa. Macho ya kupima yamejaa hosteli, kila mtu ana mawili. Kumi kila usiku. Daftari dogo, namba ya retinoskopi upande huu, namba aliyoikubali mwenyewe kwa chati upande huu, tofauti katikati. Mwisho wa mwezi utaiona tofauti inapungua kwa macho yako.

Optiki nayo acha kuikariri. Chora. Kila swali chora mwanga unatoka wapi, unafika kwenye lenzi ukiwa umetawanyika kiasi gani, unatoka vipi. Hesabu ya moja kwa umbali uliyoiona hapo juu ndo hiyo hiyo inayorudi kwenye lenzi, kwenye jicho, kwenye miwani ya kusomea, mpaka mwaka wa mwisho.

Na baridi ya Kakamega naijua mwanangu. Tafuta watoto wa Pwani wenzako, hawakosekani, Jumapili mpike mbaazi na mahamri hata kama nazi ni ya pakiti. Wenyeji nao wakikualika ingokho nenda, yule kuku wao wa kienyeji anatia mtu nguvu. Pesa ya mkopo wa HELB ikiingia, kabla ya kitu chochote tenga nauli ya kurudi nyumbani mwisho wa semesta, manake treni ya SGR tangu mwanzo wa 2024 ile ya kawaida Nairobi Mombasa ilitoka 1,000 ikawa 1,500, na hapo bado hujahesabu basi la kutoka huko mpaka Nairobi. Nimeona vijana wanabaki hosteli likizo nzima kwa kukosa nauli na upweke ndo unaowatoa kwenye kozi kuliko mtihani wenyewe.

SWALI: Dada, nimepata mahali pa atachimenti, yale mafunzo ya kazini, duka moja la miwani hapa mjini. Wiki ya pili sasa, kazi yangu ni kufuta fremu vumbi na kuwaonyesha wateja kioo. Niondoke nikatafute hospitali? — Dada wa Tudor

JIBU: Usiondoke bado. Mwambie msimamizi wako kwa adabu, asubuhi kabla watu hawajajaa, kwamba logbuku yako inatakiwa kusainiwa kazi za kupima na we unaomba angalau wateja watatu kwa siku ukiwa chini ya jicho lake. Wengi wao wamesahau tu. Akikataa wiki nzima ndo urudi chuo useme.

Lakini hata hiyo fremu unayofuta ina somo. Mi atachimenti yangu ya kwanza ilikuwa kwenye duka, silitaji, walikuwa na tabia ya kumuandikia kila mtu mzima umbali wa katikati ya mboni kuwa milimita 62, bila kupima, manake ndo wastani. Akaja msichana wa chuo, minasi sita macho yote mawili, akachukua miwani, siku ya tatu karudi kashika kichwa. Namba ikaangaliwa kwa mashine, iko sawa. Akaambiwa ataizoea. Karudi tena analia. Nikachukua rula nikampima mwenyewe, mboni kwa mboni, 56.

Milimita sita, tatu kila upande. Kuna kanuni mlifunzwa, sentimita ulizokosea mara nguvu ya lenzi, inakupa prizimu, yaani lenzi inaupinda mwanga upande kiasi gani. 0.3 mara 6 ni 1.8 kwa jicho moja, macho mawili 3.6. Kwenye lenzi ya minasi, katikati ya lenzi ikikaa nje kuliko mboni, prizimu hiyo inayalazimisha macho yatanuke kwenda nje ili yaone kitu kimoja, na macho ya binadamu kwenda nje yana uwezo mdogo sana. Yule msichana alikuwa anabeba mzigo huo kuanzia asubuhi hadi usiku na watu wanamwambia atazoea. Miwani ikatengenezwa upya na kichwa kikapoa.

Kwa hivo pima kila anayeingia, hata yule unayemuonyesha kioo, rula ni bei ya chai. Jifunze kusoma lenzi kwa mashine, jifunze kukata, jifunze kukunja mkono wa fremu usimfinye mtu nyuma ya sikio. Na ukiona unaambiwa umuuzie mtu miwani ya plasi robo ambaye hana shida yoyote, kataa. Kataa kwa upole, lakini kataa, manake ukishaanza hiyo ukiwa mwanafunzi hutaiacha ukiwa na leseni.

SWALI: Habari. Namaliza mwaka huu. Sivii yangu ni nusu ukurasa. Niende hospitali, duka, ama nitafute Ghuba ama Marekani? Kuna wakala hapa ananiambia nimpe pesa anipeleke ng'ambo. — Wa Mikindani

JIBU: Wakala usimpe pesa. Hiyo kwanza.

Nchi za Ghuba wanachukua watu wa optometria, lakini kuna leseni ya kule, kuna mtihani wa kompyuta unaofanywa kupitia Prometric, na kwa kawaida wanataka uwe umeshafanya kazi baada ya kumaliza, wakala hawezi kukuvusha hapo. Uingereza unasajiliwa na General Optical Council, na digrii ya nje inapimwa kwanza. Marekani ndo mbali zaidi, kule ni miaka minne ya shule ya optometria baada ya chuo kikuu na mitihani ya taifa wanayoiita NBEO, yaani uhesabu kama unaanza kusoma upya. Ukitaka nenda, ila nenda ukijua.

Hapa nyumbani usianze na swali la duka ama hospitali, anza na macho utakayoyaona. Kliniki yenye mchanganyiko, mtoto mdogo, mzee wa mtoto wa jicho, mgonjwa wa sukari, miaka miwili ya kwanza hiyo ni dhahabu. Pwani tunazo hospitali zenye foleni za macho za kukufunza, Lighthouse for Christ hapa Mombasa, Kwale Eye Centre ng'ambo ya Likoni, na Coast General. Andika barua kabla hujamaliza, uliza kama wanapokea wa kujitolea. Chama chetu, Optometrists Association of Kenya, fuatilia mikutano yao, kazi nyingi za duka na hospitali zinasikika huko kwenye chai kabla hazijatangazwa.

Sivii nusu ukurasa haina neno kama umejaza kitu cha kweli. Fungua logbuku, hesabu. Umepima watu wazima wangapi, watoto wangapi chini ya miaka saba, umevalisha lenzi wangapi, umetazama nyuma ya jicho mara ngapi, umeandika barua ngapi za kumpeleka mgonjwa mbele. Andika namba hizo. Mi nikikaa upande wa kuuliza kwenye intavyuu hizo ndo naziangalia, ile mistari ya mchapakazi na mwenye kujituma naivuka. Na swali langu la kwanza huwa hili, mgonjwa anasoma 6/60 tu, yaani ile herufi kubwa ya juu ya chati, umemuwekea kile kibati chenye tundu dogo na bado ni 6/60, utafanya nini? Anayeanza kutafuta namba ya miwani nampoteza hapo hapo. Tundu likisaidia shida ni ya namba, lisiposaidia wazia ugonjwa, na kama ni mtoto wazia jicho zembe, chungulia nyuma ya jicho kabla hujagusa sanduku la lenzi.

SWALI: Dada, naona aibu hata kuandika. Chuo tunafunzwa kila kitu kwa Kizungu. Juzi kliniki mzee mmoja kaniuliza, mwanangu, jicho langu lina nini? Nikabaki kimya. Glukoma naijua kurasa kumi lakini kwa Kiswahili sikuwa na sentensi hata moja, na mi ni mtoto wa Mji wa Kale! Mzee akaondoka na karatasi yake. — Wa Mji wa Kale

JIBU: Dadangu, hii barua yako nimeisoma mara tatu. Hapo ndo watu wetu wanapopofukia, kwenye hiyo nukta ya kimya. Mzee kapewa dawa ya matone, hajui ni ya nini, jicho haliumi, chupa ikiisha hanunui nyingine.

Neno watu wanalolijua ni presha ya macho, litumie, ila hapo hapo mwambie si presha ile ya damu, manake wengi wataendelea na vidonge vya moyo wakidhani ndo hizo hizo. Mi husema hivi: Mzee, ndani ya jicho kuna maji yanatengenezwa na yanatoka kila saa. Njia ya kutokea ikibana, maji yanajaa, yanaukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa unakufa kidogo kidogo, kuanzia pembeni, wala hutasikia uchungu. Kilichokufa hakirudi. Hii dawa ni ya kulinda kilichobaki, kwa hivo ni kila siku, hata ukijiona mzima. Alafu namwambia anirudishie yeye kwa maneno yake. Akikosea narudia.

Jitengenezee sentensi kama hizo, tano tu za kuanzia: presha ya macho, mtoto wa jicho, sukari kwenye jicho, kinyama kinachoota juu ya jicho ambacho huku tunakiona kwa wavuvi na watu wa juani, na jicho zembe la mtoto. Kaa na bibi yako barazani umuelezee, akikwambia sijaelewa ujue haijaiva.

Na usikilize wanavyosema wao. Mama akisema macho yana ukungu si sawa na aliyesema yana mchanga, na si sawa na aliyesema naona nzi wanapita. Wazee wetu wengine hawakupita shule lakini Qurani wanasoma, usimuwekee chati ya herufi za Kizungu alafu uandike haoni. Muwekee ile ya herufi E inayogeuka pande nne aonyeshe kwa vidole. Kabla ya kumtia dawa ya kupanua mboni muulize amekuja na nini, akisema bodaboda na ndo yeye dereva, usimtie, mpange siku nyingine aje na mtu, manake ataona ukungu masaa manne mpaka sita. Mwezi wa Ramadhani wengi hawataki matone mchana, mpangie jioni ama baada ya Idi kama jicho lenyewe linaweza kungoja, na kama haliwezi mwambie wazi kwamba haliwezi.

Mwisho nikupe hii. Nilipokuwa mwaka wa mwisho alikuja kliniki mama mmoja wa miaka hamsini na tatu, anashona kofia za mkono. Nikampima vizuri, kwa mbali hana shida, kwa karibu nikamuandikia plasi mbili, nikampa kadi ya kusomea kwa sentimita 40 kama kitabu kinavyosema, akasoma mpaka mstari wa mwisho. Nikaandika, nikasaini, nikafurahi. Wiki moja baadaye yuko mbele yangu. "Mwanangu, kusoma nasoma. Kushona sishoni. Vitundu sivioni."

Msimamizi wangu hakusema kitu, kanitazama tu. Nikamuuliza mama, kofia unayo? Akaitoa kwenye mkoba, imefungwa kwenye leso, sindano imechomekwa ukingoni. Nikamwambia shona kama unavyoshona nyumbani. Akaivuta karibu, karibu zaidi, viwiko kaviweka mbavuni. Nikachukua rula, kutoka jicho mpaka kofia, sentimita 29. Mi nilimpimia 40. Kwa 40 jicho linahitaji dayopta mbili na nusu, ile nusu alikuwa bado anaimudu mwenyewe, kwa 29 linakaribia tatu na nusu. Nilimpunja dayopta nzima kwa kutomuuliza swali moja, unafanya kazi gani na unaifanyia wapi.

Nikamuongezea plasi moja juu ya ile yake, kwenye fremu ya majaribio, ile nzito ya chuma inayokaa vibaya puani. Akatulia. Akachomoa sindano, akaipitisha kwenye kitundu cha kwanza, cha pili, cha tatu, hakuinua kichwa. Nje foleni imefika mlangoni na yeye anashona.